Hadithi Tatu za Kutisha, na Kazi ya Mbinu Zake



Mwanafunzi aulizwapo katika mtihani ataje mbinu alizotumia mtungaji wa hadithi, mara nyingi hujibu mbio mbio kama mtu ahesabuye kuku bandani: hapa pana tashbihi, pale pana ishara, kule pana kinaya, basi. Huenda majibu yake yote yakawa ya kweli, na hata hivyo akawa bado hajaisoma hadithi. Mbinu za mtungaji ni kama vyombo vya fundi. Ukionyeshwa sanduku la seremala, ukatajiwa msumeno, randa, patasi na nyundo, bado hujui kama fundi yule ametengeneza kiti au jeneza. Hapana budi uulize swali la pili: chombo hiki kimefanya kazi gani hapa?

Swali hilo ndilo somo letu muhula huu. Tutalijibu kwa kulinganisha hadithi fupi tatu mashuhuri za kutisha. Tutaona kwamba watungaji wawili waweza kushika chombo kile kile, mmoja akafungia mlango, mwingine akafungulia. Tena tutaona kuwa jambo hili si la mtihani tu, maana lahusu vile tunavyowasikiliza watu.

ASILI YA HADITHI HIZI

Hadithi za namna hii huitwa za Kigothi. Wagothi walikuwa watu wa Ulaya ya kale. Baadaye sana jina lao lilipewa majengo ya zamani ya bara lile, yaani makanisa na ngome zenye minara mirefu na matao yaliyochongoka. Mwaka 1764 Mwingereza mmoja, Horace Walpole, alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto, kisa cha mambo ya ajabu katika ngome moja ya Italia. Kitabu kilipochapwa mara ya pili, mwaka 1765, alikiita hadithi ya Kigothi. Tangu hapo jina hilo likashika. Msomaji alipolisikia alitazamia ngome ya mawe, vyumba vya chini ya ardhi, mlango uliofungwa, siri ya ukoo, usiku na upepo.

Baada ya vitabu virefu zikaja hadithi fupi. Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1809 na kufariki Baltimore mwaka 1849, ndiye aliyezipa kanuni. Mwaka 1842, alipokuwa akipima kitabu cha Mmarekani mwenzake Nathaniel Hawthorne, aliandika kwamba hadithi fupi yafaa isomwe kwa kikao kimoja, na kila neno lake lisaidie kuleta jambo moja tu moyoni mwa msomaji. Kwa kanuni hiyo hakuna pambo la bure. Kila chombo kina kazi yake, na kisicho na kazi kitupwe nje.

Kanuni hiyo yatupa na sisi kipimo kizuri. Ukitaka kujua mbinu fulani yafanya kazi gani, iondoe katika fikira zako, kisha utazame kitakachoanguka. Kisipoanguka kitu, mbinu ile ilikuwa pambo. Nyumba nzima ikianguka, umeupata mhimili.

HADITHI TATU KWA UFUPI

Ya kwanza ni ya Poe mwenyewe, The Tell-Tale Heart, yaani Moyo Uliotoboa Siri, iliyotoka mwaka 1843. Mtu mmoja akaa nyumba moja na mzee. Mzee hakumkosea, wala yeye hataki mali ya mzee. Tena asema alimpenda. Lakini mzee ana jicho moja lililofifia lenye utando, na jicho lile lamkera hata aazimia kumwua. Usiku saba mfululizo amvizia na fanusi iliyofunikwa. Usiku wa nane amwua, na maiti aificha chini ya mbao za sakafu. Mara askari watatu wagonga mlango. Awakaribisha, akaketi juu ya mahali pale pale. Ndipo asikia moyo ukipiga chini ya sakafu, kwa nguvu na kuzidi nguvu, mpaka apiga kelele na kuungama.

Ya pili ni The Yellow Wallpaper, yaani Karatasi ya Manjano, iliyotoka mwaka 1892. Mtungaji wake ni Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani aliyeishi tangu 1860 mpaka 1935. Mama mmoja aliyejifungua karibuni ni mgonjwa wa moyo mzito. Mumewe, John, ni daktari. Ampeleka kupumzika miezi mitatu katika nyumba kubwa ya kupanga, na kumweka katika chumba cha juu. Kuta za chumba hicho zimebandikwa karatasi za manjano zenye michoro, kama ilivyokuwa desturi huko. Amkataza kazi, na kuandika pia. Mama yule aandika kwa siri. Kwa kuwa hana la kufanya, aitazama karatasi usiku na mchana, hata aona nyuma ya michoro mwanamke akitambaa na kutaka kutoka. Siku ya mwisho ajifungia ndani, aibambua karatasi, na mumewe afunguapo mlango amkuta mkewe mwenyewe akitambaa kuzunguka chumba.

Ya tatu ni The Monkey's Paw, yaani Mkono wa Kima, iliyotoka mwaka 1902. Mtungaji ni W. W. Jacobs wa London, aliyeishi tangu 1863 mpaka 1943, na ambaye alijulikana zaidi kwa hadithi za kuchekesha za mabaharia. Bwana White, mkewe na mtoto wao Herbert wapata mgeni, Sajini Meja Morris, aliyetumika India miaka 21. Mgeni ana mkono mkavu wa kima uliofanyiwa uganga na fakiri mmoja. Watu watatu waweza kuuomba, kila mmoja maombi matatu. Bwana White aomba pauni 200. Kesho yake mjumbe wa kiwanda aja na habari kuwa Herbert ameshikwa na mashine akafa, na wenye kiwanda wawapa wazazi fidia. Kiasi chake ni pauni 200. Siku kumi baada ya kifo mama amshurutisha mumewe aombe mtoto afufuke. Usiku ule mlango wabishwa. Mama akimbilia kufungua. Baba apapasa sakafuni autafute mkono, aomba ombi la tatu, na ubishaji wakoma. Mlango wafunguliwa: njia ni tupu.

Sasa tuzipange mbinu zao upande kwa upande.

1. ANAYESIMULIA

Hadithi ya Poe yasimuliwa na mwuaji mwenyewe. Tangu mwanzo ashikilia kuwa hana wazimu. Na ushahidi wake ni upi? Ni kwamba alifanya kazi yake kwa uangalifu. Atwambia kwa fahari kuwa ilimchukua saa nzima kuingiza kichwa chake mlangoni, asije akamwamsha mzee. Adhani kuwa mtu mwenye taratibu ni mtu mwenye akili timamu. Lakini kila akizidi kujisifu, sisi twazidi kumwogopa. Wahenga walisema: Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Poe ampa mwuaji ngoma aiwambe mwenyewe, na ngozi avutayo yapasuka mikononi mwake.

Hadithi ya Gilman nayo yasimuliwa na mgonjwa mwenyewe. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Hadithi zote mbili zina msimulizi asiyeaminika," akafunga daftari. Ni kweli, lakini tutazame kazi. Msimulizi wa Poe asema, "Mimi ni mzima," kumbe si mzima. Msimulizi wa Gilman asema, "Mimi ni mgonjwa," na wote walio karibu naye wamwambia hana neno. Mumewe ni daktari, ndugu yake ni daktari, na wote wawili wasema kuwa hana ugonjwa wa haja. Yeye aona kuwa kazi kidogo na mazungumzo vingemfaa. Afanyeje, naye hasikilizwi? Hapo mwanzo yeye ndiye msema kweli. Akili yake yaharibika polepole, ukurasa kwa ukurasa, na ifikapo mwisho hatuwezi tena kuyapokea maneno yake kama yalivyo. Lakini tumekwisha kujua njia aliyopitia.

Basi, chombo ni kimoja na kazi ni mbili. Poe atufundisha kumshuku anayesema. Gilman atufundisha kuwashuku wasiosikiliza. Mwanafunzi aliyeandika jina la mbinu bila kuuliza kazi yake amezifanya hadithi mbili kuwa moja, na ameukosa moyo wa zote.

Jacobs achukua njia nyingine kabisa. Msimulizi wake yuko nje ya hadithi. Atwambia yaliyoonekana na yaliyosikika, wala hatwambii hata mara moja kama mkono wa kima ulikuwa na nguvu kweli. Mashine zaweza kumshika mtu bila uganga. Fidia yaweza kulingana na ombi kwa bahati tu. Sajini Meja asimulia, Bibi White atumaini, Bwana White aogopa, na msimulizi anyamaza. Ukimya huo ndio utufanyao sisi wasomaji tuamue wenyewe, na kila tukiamua twaogopa.

Tutumie kipimo chetu. Kisa cha Poe kingesimuliwa na mmoja wa askari wale, kingekuwa taarifa ya kituo cha polisi: maiti imeonekana, mtuhumiwa ameungama. Kisa cha Gilman kingesimuliwa na John, tungemwonea huruma mume aliyetoa kila msaada na mkewe asipone. Kisa cha Jacobs kingesimuliwa na Bibi White, tungekimbia pamoja naye kufungua mlango. Katika zote tatu, ukiondoa msimulizi, nyumba yaanguka. Huu ndio mhimili.

2. MAHALI

Walpole alitumia ngome. Je, watungaji hawa watatu walifanya nini na ngome ile?

Poe ameiondoa karibu yote. Katika hadithi hii hatuambiwi mji, wala nchi, wala jina la mtu hata mmoja. Hatujui mzee yule ni nani kwa mwenzake. Tuna chumba, kitanda, mlango, giza, na mwali mmoja mwembamba wa taa ulioangukia jicho moja. Mtungaji ametuingiza ndani ya kichwa cha mwuaji, na ndani ya kichwa kile hamna kitu kingine.

Gilman amefanya kinyume. Chumba chake twakijua kila pembe. Madirisha yana vyuma. Kuta zina pete za chuma. Kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Msimulizi adhani kuwa palikuwa chumba cha watoto wadogo, na vyuma vile viliwekwa wasianguke. Sisi tuonapo madirisha yenye vyuma na kitanda kisichosogea, twafikiri jambo jingine. Hiki ndicho kinaya: msomaji afahamu lile ambalo msimulizi bado hajalifahamu. Kisha vyuma vya dirishani vyahamia katika karatasi ya ukutani, maana usiku, penye mwanga wa mbalamwezi, michoro ile yageuka fito za gereza, na nyuma yake yupo mwanamke. Ishara haikubandikwa juu ya hadithi kama stempu juu ya barua. Imeota kutoka katika chumba chenyewe.

Jacobs naye ametuweka mahali pazuri. Nje ni usiku wa baridi na mvua. Ndani moto wawaka, baba na mtoto wacheza sataranji, mama afuma karibu na moto. Nyumba kama hiyo yeyote angependa kuishi. Ndiyo maana mkono ule ukiletwa mezani twaona unyonge. Ungeletwa katika ngome yenye popo tungeutazamia.

Tazameni safari hiyo. Mwaka 1764 hofu ilikaa ngomeni kwa wakuu. Mwaka 1843 ilikuwa chumbani mwa mzee mmoja. Mwaka 1892 ilikuwa kitandani mwa mzazi, na mwaka 1902 ilikuwa mezani pa watu wa kawaida ambao bado wadaiwa fedha za nyumba yao. Kila mara imesogea karibu na nyumbani kwa msomaji.

3. DALILI ZINAZOTANGULIA

Mtungaji hodari hupanda mbegu mapema, na msomaji huiona baada ya kuota tu. Kwa hiyo hadithi nzuri husomwa mara mbili: mara ya kwanza kujua kisa, mara ya pili kuziona mbegu.

Kwa Poe mbegu ni tashbihi moja. Msimulizi asikiapo moyo wa mzee, kabla hajamwua, aulinganisha na mlio wa saa iliyoviringwa pamba. Asikiapo mlio chini ya sakafu, baada ya kumwua, atumia mlinganisho ule ule. Mzee alipokuwa hai, mlinganisho ulikubalika. Mzee amekwisha kufa. Sasa ni moyo wa nani unaopiga? Pengine ni moyo wake mwenyewe. Pengine ni wadudu watobao mbao, maana hapo nyuma alitaja kuwa amezoea kuwasikiliza ukutani usiku. Tashbihi moja iliyorudiwa imetufungulia mlango huo wote. Iondoe, na hadithi yabaki ya mzimu tu.

Kwa Gilman mbegu ni alama za ukutani na za kitandani. Msimulizi aona mstari mrefu wa uchafu uliosuguliwa ukutani kuzunguka chumba, na kuuliza ni nani aliyeufanya. Aona pia kuwa kitanda kimeng'atwa. Mwishoni, akitambaa, bega lake laingia sawasawa katika mstari ule. Na kabla ya hapo, kwa hasira, ameng'ata kitanda yeye mwenyewe. Msomaji ashtuka: mwenye kuuliza ndiye mwenye kutenda.

Kwa Jacobs mbegu ni mizaha. Mwanzoni kabisa Bwana White, akicheza sataranji, amweka mfalme wake katika hatari isiyo na lazima. Ndilo atakalolifanya na maisha ya nyumba yake. Herbert ndiye amdokezaye baba aombe pauni 200, na asubuhi akienda kazini awatania wazee wake wasizitumie fedha zile kabla hajarudi. Ukisoma mara ya kwanza wacheka. Ukisoma mara ya pili neno lile "kabla hajarudi" halichekeshi tena.

Hapa nawaonya wanafunzi juu ya kutumia methali kwa haraka. Wengi wakisoma hadithi hii wataandika: Tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini mtazameni vizuri Bwana White. Apewapo nafasi ya kuomba, ashindwa kupata la kuomba, maana aona kuwa anacho kila atakacho. Si mtu wa tamaa. Aomba kwa mzaha na kwa kuudadisi mkono, naye alikwisha kuonywa: aliyeutumia kwanza aliomba kifo katika ombi lake la tatu, na mgeni mwenyewe alikuwa ameutupa motoni. Kosa lake ni kudharau onyo la mtu aliyeona. Methali ni chombo pia, nayo hupimwa kama inaingia kabla ya kugongwa na nyundo.

4. SAUTI, NA KISICHOONEKANA

Hadithi zote tatu hufikia kilele kwa jambo ambalo hatulioni.

Kwa Poe ni mapigo chini ya sakafu. Askari hawayasikii, waongea kwa furaha. Msimulizi ayasikia, na aamini kuwa nao wasikia na wamfanyia dhihaka. Lililomfichua si werevu wa askari. Ni dhamiri yake.

Kwa Jacobs ni ubishaji wa mlango. Hatuambiwi nani yuko nje. Na hapa pana ufundi mkubwa wa kulinganisha watu wawili. Baba aliiona maiti ya mtoto wake baada ya mashine, na hakuitambua ila kwa nguo. Mama hakuiona. Kwa hiyo sauti moja yaingia masikioni mwa wawili na kuwa mambo mawili: kwa mama ni Herbert aliyerudi nyumbani na kuachwa nje penye baridi, kwa baba ni jambo ambalo mama yake hapaswi kuliona. Mama aburuta kiti apate kulifikia komeo la juu, na baba yuko sakafuni apapasa. Hakuna kati yao aliye mbaya. Wote wawili wampenda mtoto yule. Ombi la tatu halikuandikwa. Twalijua kwa ukimya ulioufuata. Jacobs angelifungua mlango sekunde moja mapema tungeona maiti, nasi tungetishika dakika moja na kusahau. Kwa kuufunga, mlango ule hubishwa mpaka leo.

Kwa Gilman kisichoonekana ni mwanamke wa ukutani, ambaye msimulizi peke yake amwona. Lakini kuna kingine kisichoonekana, ambacho ni kikubwa zaidi: ni ugonjwa wenyewe. John apima kwa macho. Aona mkewe ana rangi nzuri na ala, na amwambia amepata nafuu. Si mume katili. Ampenda, ambeba, amwita kwa majina ya kubembeleza kama mtoto mdogo. Na upole huo ndio kufuli la chumba. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. John ni daktari, lakini hajakilalia kitanda kile.

KISA KILICHO NYUMA YA KISA

Yafaa wasomaji wajue kuwa hadithi ya Gilman ina mzizi wa kweli. Alimzaa binti yake mwaka 1885, na baada ya hapo aliingiwa na huzuni nzito isiyomtoka. Mwaka 1887 alikwenda kwa daktari mashuhuri wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyekuwa akiwatibu wanawake kwa kuwalaza kitandani, kuwalisha sana, na kuwazuia wasifanye kazi. Alipomruhusu kwenda zake alimwamuru aishi maisha ya nyumbani, atumie akili kwa muda mfupi tu kila siku, wala asishike tena kalamu. Gilman alitii kwa miezi kadhaa na akakaribia kuharibikiwa akili. Ndipo alipoziacha amri zile, akarudi kazini, akapata nguvu. Mwaka 1913 alieleza katika gazeti lake mwenyewe, The Forerunner, kwamba aliiandika hadithi ile si kuwatia watu wazimu, bali kuwaokoa wasitiwe wazimu.

Leo madaktari waujua ugonjwa wa huzuni unaowashika baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, nao hutibiwa. Lakini hautibiwi kabla haujasemwa, na hausemwi pasipo mtu wa kusikiliza. Neno hili nawaelekeza wazazi wetu pia, na kwa mtoto wa shule ni lile lile. Mtoto asemapo kuwa kitu chamwuma nasi hatuoni jeraha, tusifanye haraka kusema hana kitu.

Kwa nini basi tusimwamini kila mtu moja kwa moja? Kwa sababu yupo pia msimulizi wa Poe, mwenye maneno matamu na taratibu nzuri, na maiti chini ya kiti chake. Ndiyo maana yatupasa kuzisoma hadithi hizi pamoja. Anayesoma ya Poe peke yake aweza kujifunza kutomwamini mtu. Anayesoma ya Gilman peke yake aweza kujifunza kuamini kila neno. Anayezilinganisha hujifunza kazi ngumu zaidi: kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kutazama aliyoyasema na aliyoyaacha, kisha kupima. Na Jacobs aongeza kuwa hata watu wema wawili, wakisikia sauti moja, waweza kusikia mambo mawili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chagua mojawapo ya hadithi hizi. Iondoe mbinu moja, kisha ueleze kwa maneno yako ni kitu gani kingeanguka.

2. Mzee wa Poe hapewi nafasi ya kusimulia. Andika ukurasa mmoja wa usiku ule wa nane kama alivyousikia yeye akiwa kitandani, gizani.

3. Je, John alikuwa na hatia? Toa sababu za pande zote mbili kabla ya kutoa hukumu yako.

4. Bwana White alifanya vema au vibaya katika ombi lake la tatu? Jibu kwa kutaja yale aliyoyaona ambayo mkewe hakuyaona.

5. Kazi ya likizo: mwombe bibi au babu yako akusimulie hadithi moja ya kutisha aliyoisikia utotoni. Usiandike kisa chake tu. Andika alipopunguza sauti, aliponyamaza, na jambo alilokataa kulieleza. Hapo utakuwa umezipata mbinu zake.

Haya, wanafunzi. Mkirudi muhula ujao, nitafurahi kuona madaftari yenye mbinu chache zilizoelezwa kazi yake, kuliko yale yenye orodha ndefu ya majina.